Mguu uliopoa baada ya mionzi: mwongozo kamili wa kurudisha damu kwenye mguu au mkono, kwa wagonjwa, ndugu na watoa huduma wa Tabora

Mwongozo huu ni wa mtu aliyechomwa mionzi kwa ajili ya saratani, akapona, na sasa mguu au mkono wa upande ule ule umeanza kupoa, kufa ganzi, au kuuma kila anapoutumia. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, kwa hiyo wa kwanza kufikiriwa ni mama aliyechomwa mionzi ya nyonga. Wanafuata waliotibiwa saratani ya titi, ambao shida yao hutokea mkononi, na waliotibiwa uvimbe wa paja au tezi za kinena.

Nyumbani wataambiwa ni baridi yabisi. Wengine watasema saratani imerudi, na hawakosekani wa kusema amekanyaga kitu. Dakika mbili za kutafuta mapigo ya damu kwenye mguu zingejibu mengi, lakini mara nyingi hakuna anayeyatafuta.

Kilichotokea ndani ya mshipa

Mionzi inayoua saratani hupita pia kwenye ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) iliyo njiani. Utando laini wa ndani ya ateri huharibika, na vijimishipa vidogo mno vinavyoulisha ukuta wa ateri yenyewe huziba. Ukuta uliokosa lishe hugeuka kovu: unakuwa mnene na mgumu, na tundu la kupitishia damu linabana. Katika miaka 5 ya mwanzo shida kubwa huwa ni damu kuganda juu ya utando ulioharibika. Kwenye miaka 10 hivi, kovu ndilo linaloziba. Ikifika miaka 20, kovu limeizunguka ateri hata kwa nje, na mafuta yamejijenga ndani kabla ya umri wake. Ndiyo maana mama wa miaka 48 asiyevuta sigara na asiye na kisukari anaweza kuwa na ateri za bibi wa miaka 80, tena pale tu mionzi ilipopita.

Ugonjwa huu hukaa pale mionzi ilipopita. Juu ya hapo na chini ya hapo, ateri mara nyingi ni nzima. Shika jambo hili, maana tiba yote ya upasuaji imesimama juu yake: damu ichukuliwe kwenye ateri nzima, ipitishwe nje ya eneo lililoungua, ishushwe kwenye ateri nzima. Daktari asiyejua mipaka ya eneo lile anafanya kazi gizani.

Hatua ya 1: Tafuta mapigo kwa vidole

Mgonjwa alale chali, miguu wazi, chumba kisiwe cha baridi. Tumia ncha za vidole viwili au vitatu. Usitumie dole gumba, kwani lina mapigo yake nawe utahesabu mapigo yako mwenyewe.

Anza kinenani, katikati ya mkunjo kati ya mfupa wa mbele wa kinena na ncha ya mfupa wa nyonga. Hapo pigo huwa kubwa. Shuka nyuma ya goti: kunja goti kidogo, shika kwa mikono miwili, na bonyeza katikati ya bonde. Pigo hili ni gumu kulipata, usilikatie tamaa upesi. Kisha nyuma ya kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, katikati ya mfupa uliotokeza na kano ya kisigino. Mwisho juu ya wayo: mwambie ainue kidole gumba cha mguu, ufuate kano inayosimama, uweke vidole pembeni yake kwa upande wa nje. Gusa kwa wepesi. Ukikandamiza unalizima pigo lenyewe. Karibu mtu 1 kati ya 10 hana pigo hili la juu ya wayo tangu kuzaliwa, kwa hiyo kukosekana kwake peke yake si ugonjwa.

Kwa mkono, gusa kwapani, kwenye mkunjo wa kiwiko, na pande zote mbili za kifundo cha mkono.

Linganisha upande na upande kila mara. Pigo la kinena likiwa dhaifu kushoto na zuri kulia, kwa mama aliyechomwa mionzi ya nyonga, kizuizi kiko juu ya kinena, ndani ya nyonga. Pigo la kinena likiwa zuri ila la goti halipo, kizuizi kiko pajani.

Halafu inua mguu kwa pembe ya nyuzi 45 na uushike hapo dakika 1 hadi 2. Mguu wenye njaa ya damu hupauka unyayoni. Kwa ngozi nyeusi usitazame juu ya wayo, tazama unyayo na vitanda vya kucha. Mketishe miguu ikining'inia: mguu mgonjwa huchelewa kurudisha rangi, kisha unageuka mwekundu wa zambarau. Muulize pia analalaje. Anayelala mguu ukining'inia nje ya kitanda kwa kuwa ukipanda godoroni unauma, ugonjwa wake umeshafika mbali.

Ikiwa mguu umepoa ghafla, acha kusoma hatua zinazofuata

Maumivu ya ghafla, mguu uliopauka, mapigo yaliyopotea, ubaridi, ganzi, na vidole kushindwa kuchezeshwa: hizo ni dalili za damu iliyokatika. Misuli na neva huanza kufa ndani ya saa 6 hivi. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni kilomita 840 hivi, na Mwanza kwa barabara kupitia Nzega na Shinyanga si mbali kiasi hicho lakini nayo inakula saa. Safari peke yake inaweza kuumaliza muda wa mguu, kwa hiyo tiba ianzie hapo hapo alipo.

Kwa mganga wa kituo au hospitali ya wilaya: weka kanula kwenye mkono mzima, kamwe usiiweke kwenye kiungo kilichopoa. Mpe dawa ya maumivu inayotosha, morfini ikiwepo. Usimchome sindano yoyote ya msuli. Kama hatoki damu popote, mpe hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, yuniti 80 kwa kila kilo ya uzito kupitia mshipa, halafu yuniti 18 kwa kilo kwa saa ikiwa kuna mashine ya matone na kipimo cha kufuatilia. Pasipo hivyo, enoksaparini mg 1 kwa kilo chini ya ngozi kila saa 12 inafaa kumsafirisha, mradi figo ni nzima. Andika saa uliyoitoa kwenye barua ya rufaa, kwa herufi kubwa.

Mguu ulale sawa na kitanda au chini kidogo. Usiinuliwe kwenye mto. Ufungwe pamba laini, kisigino kisigusane na kitu kigumu. Usiuwekee chupa ya maji ya moto wala kuusogeza karibu na jiko la mkaa. Mguu wenye ganzi hauhisi moto, na ngozi isiyo na damu huungua kwa joto ambalo wewe unaliona ni vuguvugu.

Piga simu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, au Hospitali ya Nkinga kwa walio upande wa Igunga, kabla gari halijaondoka. Uliza swali moja: daktari wa upasuaji yupo? Mgonjwa anayeweza kuchezesha vidole bado ana nafasi ya kusafirishwa. Aliyepooza mguu, ngozi ina madoa yasiyopauka ukiyabonyeza na msuli umekuwa mgumu kama ubao, mguu huo umeshakufa, na kurudisha damu ndani yake humwaga potasiamu na sumu za msuli moyoni na kwenye figo. Hapo kukata ndiko kunakookoa uhai, na familia iambiwe hivyo waziwazi.

Tahadhari kwa daktari mpasuaji: kwa mgonjwa wa mionzi, bonge la damu mara nyingi limeganda juu ya ateri iliyokwisha kubana, halikusafiri kutoka moyoni. Ukipitisha katheta ya puto (mrija mwembamba wenye puto nchani) kulivuta, bonge litatoka, lakini mbano utabaki na damu itaganda tena jioni ile ile. Tena ukuta ule hauna unyumbufu. Puto likijazwa kwa nguvu ya kawaida linaweza kuuchana.

Hatua ya 2: Pima uwiano wa presha ya kifundo na mkono

Kipimo hiki kinahitaji mashine ya kawaida ya presha yenye mkanda, Dopla ndogo ya mkononi (kifaa cha kusikilizia damu ikipita) yenye masafa kati ya megahezi 5 na 10, na mafuta ya altrasaundi. Dopla ya wodi ya wazazi ya kusikilizia moyo wa mtoto imetengenezwa kwa kina kirefu zaidi. Ikinyamaza kwenye wayo, usichukulie ukimya huo kuwa ushahidi.

Mgonjwa apumzike amelala dakika 10. Funga mkanda mkono wa kulia, weka mafuta, lalisha Dopla kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 kuelekea juu mpaka usikie mvumo mkali wa damu. Jaza mkanda mpaka sauti ipotee, ongeza 20 juu ya hapo, halafu punguza taratibu, 2 kwa sekunde. Namba ambayo sauti inarudi ndiyo presha yako. Rudia mkono wa kushoto. Kisha funga mkanda juu tu ya kifundo cha mguu, upime ateri ya juu ya wayo na ile ya nyuma ya kifundo, kila mguu.

Chukua namba kubwa ya mguu, ugawe kwa namba kubwa ya mikono. Mikono 124 na 130, kifundo cha kushoto 62 na 68: 68 gawa kwa 130 ni 0.52. Kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida. Kuanzia 0.90 kushuka, ateri imebana. Presha ya kifundo chini ya 50 kwa mtu mwenye maumivu ya usiku au kidonda ina maana mguu uko hatarini na rufaa isisubiri kliniki ya mwezi ujao. Zaidi ya 1.40 usifurahi: ateri imekuwa ngumu kiasi kwamba mkanda haukuweza kuibana, na namba hiyo haina maana.

Kwa aliyechomwa mionzi ya titi, tofauti ya presha ya 15 au zaidi kati ya mikono inatosha kumtuma mbele. Wengi wameambiwa wasipimwe presha mkono uliotolewa tezi, nao ni ushauri mzuri kwa vipimo vya kila siku, ila kipimo hiki kimoja cha uchunguzi kina sababu yake. Mweleze kwanza.

Pasipo Dopla, oksimita ya kidole inasaidia kidogo. Pima kidole cha mkono, halafu kidole gumba cha mguu, kisha inua mguu sentimita 30 upime tena. Tofauti ya zaidi ya asilimia 2 inatia shaka.

Hatua ya 3: Tenganisha na magonjwa yanayofanana

Mguu wenye bonge la damu kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) huvimba na kuwa wa moto. Mguu wenye njaa ya damu ni wa baridi na mwembamba. Mkono uliovimba baada ya titi kutibiwa mara nyingi ni maji ya limfu, lakini mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika: anafungwa bendeji ya kubana ili uvimbe ushuke, na damu kidogo iliyokuwa inapita inakatwa. Usifunge bendeji ya kubana kabla ya kupima. Uwiano ukiwa chini ya 0.5, bendeji hiyo ni marufuku.

Neva nazo huchomwa na mionzi. Huyo ana ganzi na udhaifu unaoongezeka polepole, lakini mapigo yake yapo na mguu una joto. Saratani kurudi ni lazima kuchunguzwe daima, hasa maumivu yakiwa ya mfululizo usiku na mchana na mguu umevimba wote. Uvimbe unaweza kubana ateri kutoka nje, na kumjengea mchepuo (njia mpya ya damu inayozunguka mbano) mtu ambaye saratani yake haijatafutwa ni kumpasua mara mbili.

Hatua ya 4: Karatasi ya mionzi ndiyo ramani

Hatua hii inarukwa kuliko zote, nasi tunaiona ya maana kuliko kipimo chochote cha gharama. Kabla Hospitali ya Bugando ya Mwanza haijaanza kutoa mionzi, wagonjwa wa Tabora walipelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kwa hiyo aliyetibiwa zamani faili lake liko huko. Tafuta kadi yenye namba ya faili, omba muhtasari wa tiba, na hakikisha una mambo haya: mwaka, eneo lililopigwa mionzi na mipaka yake, jumla ya dozi kwa grei (kizio cha kupimia mionzi), idadi ya siku, na kama alipata pia mionzi ya ndani. Dozi ya nje ya nyonga mara nyingi ni grei 45 hadi 50 kwa siku 25.

Kadi imepotea? Mwili wenyewe ni kadi. Mvue mgonjwa mahali penye mwanga wa dirisha, utafute vidoti vidogo vya wino wa kudumu, kama vipo, kwa kawaida kimoja katikati na kimoja kila ubavu. Tafuta mahali ngozi ilipobadilika: nyeusi kuliko jirani yake au iliyopauka, haina vinyweleo, imekakamaa kama ngozi ya ngoma, ina vijimishipa vyekundu vilivyotapakaa. Ibane kati ya vidole. Isipokunjika, hapo mionzi ilipita. Chora umbo la mtu kwenye karatasi, mbele na nyuma, utie kivuli eneo hilo na vipimo vya sentimita kutoka kitovuni. Mchoro huo umfikie daktari wa mishipa.

Weka na majibu ya kinyama (kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara), majina ya dawa za saratani alizotumia, kiwango cha damu, kreatinini (kipimo cha figo) ya ndani ya wiki hizi, na orodha ya dawa anazomeza, ARV zikiwemo. Kreatinini ni muhimu kwa namna ya pekee: saratani ya mlango wa kizazi na mionzi yake huweza kubana mirija ya mkojo na kuharibu figo kimyakimya, na rangi inayochomwa mshipani wakati wa siti skani huweza kuzimalizia. Pia dawa ya saratani ya kundi la doksorubisini hudhoofisha moyo. Jambo hilo litaamua dawa zipi zisitumike.

Hatua ya 5: Dawa na kutembea, wakati wa kusubiri

Hakuna dawa inayolainisha kovu la ateri na kuifungua. Dawa huzuia bonge, hupunguza mafuta, na kuusaidia mguu utembee mbali zaidi.

Aspirini mg 75 kwa siku, au klopidogreli mg 75. Kabla ya kuiandika, uliza swali ambalo wengi huona aibu kulijibu: je, unatoka damu unapokwenda haja, kubwa au ndogo? Mionzi ya nyonga huacha utumbo wa mwisho na kibofu vikitoa damu kirahisi. Anayetoka damu atibiwe hilo kwanza na dawa ichaguliwe na bingwa. Atovastatini mg 40 kila siku hata kama kolesteroli haijapanda sana. Simvastatini isichanganywe kamwe na ARV zenye ritonavi, inavunja misuli. Wanaotumia dolutegravi hawana tatizo hilo. Silostazoli mg 100 mara mbili kwa siku huongeza umbali wa kutembea, lakini ni marufuku kwa mwenye moyo dhaifu. Presha na sukari zidhibitiwe, na upungufu wa damu utibiwe, kwani damu kidogo inayofika lazima iwe na oksijeni ya kutosha.

Kutembea ni tiba yenye dozi yake. Tembea kwa mwendo utakaoleta maumivu ya wastani ndani ya dakika 3 hadi 5. Simama mpaka yaishe kabisa. Anza tena. Kusanya dakika 30 mwanzoni, upande hadi 45, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12 bila kukatiza. Hesabu miti ya barabarani. Tabora miembe ipo ya kutosha kuwa alama. Anayetoka mwembe wa nne na kufika wa tisa baada ya miezi mitatu, zoezi limemfaa. Mwenye maumivu ya usiku au kidonda asifanye zoezi hili, yeye anahitaji kufunguliwa mshipa.

Tumbaku tunaitenga peke yake kwa sababu ya mkoa wetu. Sigara, kiko na ugoro viachwe kabisa, kwa kuwa nikotini hubana ateri na moshi huharibu utando uleule ulioharibiwa na mionzi. Ila Urambo, Kaliua na Sikonge kuna njia nyingine: anayevuna majani mabichi yenye umande hunyonya nikotini kupitia ngozi ya mikono. Mgonjwa asivune wala kufunga majani mabichi. Akilazimika, avae glavu na nguo ndefu, na asubiri majani yakauke umande.

Hatua ya 6: Kufungua mshipa

Altrasaundi ya mishipa huonyesha mahali damu inapokimbia kwa kasi kupita mbano. Siti skani yenye rangi huchora njia nzima. Kazi ya katheta na upasuaji mkubwa wa mishipa hufanywa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikiwa mojawapo ya mahali hapo. Kabla ya kusafiri pita kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali na kwenye dawati la bima, ujue nini kinalipwa na nini hakilipwi. Safarini keti mguu ukiwa chini, vua kiatu kinachobana, na uuchezeshe kila nusu saa.

Njia ya kwanza inayofikiriwa ni katheta, kwa kuwa haifungui ngozi iliyoungua. Waya hupitishwa kwenye mbano, puto hujazwa, na mara nyingi stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, huachwa ndani. Ateri ya mionzi ina tabia ya kurudi ilivyokuwa puto likitolewa, ndiyo maana stenti inahitajika mara nyingi kuliko kwa wagonjwa wengine. Palipo na ukuta dhaifu, stenti iliyovikwa kitambaa ni salama zaidi. Ateri za nyonga na ile ya chini ya mtulinga hufanya vizuri kwa njia hii. Kinena hakifanyi vizuri, kwa kuwa kila unapochuchumaa stenti inakunjwa. Mwulize daktari atatoboa wapi: sindano iingie kinena cha upande usioungua au mkononi, si kwenye ngozi ya mionzi, ambayo tundu lake hukawia kufunga na hutengeneza uvimbe wa damu. Baada ya stenti hutumiwa aspirini na klopidogreli kwa pamoja, mwezi 1 hadi 6 kadiri bingwa atakavyoona, kisha moja inabaki maisha yote. Klopidogreli ikiisha na duka la dawa la mtaani halina, tafuta siku hiyo hiyo. Stenti inaweza kuziba kwa siku chache za kukosa dawa.

Ateri ikiwa imeziba urefu mkubwa, hujengwa mchepuo. Mshipa bora wa kujengea ni vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, ikiwezekana mguu wa pili, yenye upana wa milimita 3 au zaidi. Kwa hiyo linda vena hizo: wauguzi wasichome kanula wala kutoa damu kwenye vena ya ndani ya kifundo cha mguu. Bomba la bandia hutumika vena isipotosha, lakini ndani ya ngozi iliyoungua hupata maambukizi, na bomba lililoambukizwa lazima litolewe.

Njia ya kupitisha mchepuo hutegemea ule mchoro wako. Nyonga ikiwa imeungua na vinena viko salama, damu huletwa kutoka paja la upande mzima kuvuka juu ya mfupa wa kinena. Pande zote mbili zikiwa zimebana, huletwa kutoka ateri ya kwapa, chini ya ngozi ya ubavu, mpaka pajani; mgonjwa huyo hatalala tena ubavu ule akiukandamiza, wala kufunga kanga au mkanda kwa kukaza. Kinena chenyewe kikiwa kimeungua, kuna njia ya kupita tundu la mfupa wa nyonga na kutokea ndani ya paja bila kukigusa. Kwa mkono, damu hutolewa kwenye ateri ya shingo, lakini shingo ipimwe kwanza kwa altrasaundi, kwani mionzi ya titi mara nyingi huchukua na tezi za juu ya mtulinga.

Kukwangua uchafu ndani ya ateri, kunakofanya kazi vizuri kwa wagonjwa wa mafuta, huku kwa kawaida hakufai. Kwa ateri ya kawaida kuna tabaka ambalo mpasuaji hulifuata kama unavyomenya muhogo uliochemshwa. Mionzi imegandisha matabaka yote pamoja, ukilazimisha, unatoboa.

Ikibidi kupasua penye ngozi iliyoungua, msuli mzima wenye damu yake hugeuzwa na kufunika mchepuo, halafu ngozi ndiyo inashonwa juu. Uliza hili kabla, si baada ya kidonda kuachia.

Hatua ya 7: Saa 48 za kwanza, na miaka inayofuata

Ndugu anayelala wodini ana kazi. Mapigo yaguswe kila saa kwa siku ya kwanza. Mwombe muuguzi aweke alama ya kalamu pale pigo linaposikika, ili wa zamu ya usiku asihangaike. Mguu uliokuwa na joto ukipoa tena, amsha daktari. Mchepuo ulioziba ndani ya saa 24 mara nyingi ni kasoro ya ufundi inayorekebishika, ukiwahiwa.

Shavu la mguu likivimba na kuwa gumu, na maumivu makali yakija unapomkunja vidole kuelekea juu, misuli iliyorudishiwa damu inajibana yenyewe. Mkojo wa rangi ya soda nyeusi ni dalili ya msuli kufa. Dawa ya misuli inayojibana ni kupasua utando wake haraka, na mapigo kuwepo hakuondoi hatari hiyo.

Nyumbani, kidonda cha upasuaji kilicho kwenye ngozi ya mionzi huchukua wiki nyingi kuliko ulivyozoea. Nyuzi zisitolewe mapema. Damu kidogo nyekundu ikitoka kinenani au kwapani palipofanyiwa kazi, hata kama imekoma yenyewe, ni onyo kwamba ukuta unakaribia kupasuka. Kandamiza kwa ngumi juu ya kitambaa safi, usifunue kuchungulia, nenda hospitali na ngumi yako ikiwa hapo hapo.

Uwiano wa presha upimwe mwezi 1, 3, 6 na 12, halafu kila mwaka. Ukishuka kwa 0.15 au zaidi, rudisha mgonjwa hata kama hana maumivu, kwa sababu mbano unaorudi ni rahisi kuupanua kabla haujaziba.

Vidonda na vidole vilivyokauka

Kidole kilichokuwa cheusi na kikavu kiachwe kikavu. Usiloweke maji ya chumvi, usikikate, usipake mafuta. Weka pamba kavu kati ya vidole. Hakuna kisu kigusacho kidonda kabla damu haijarudishwa, ila usaha ukiwepo, harufu, au homa, hapo hali inakuwa ya dharura.

Asali yetu ya Tabora ni nzuri, lakini ya mzingani isiwekwe kwenye kidonda hiki. Asali inayotumika hospitalini imeuliwa vimelea kiwandani. Ya mzingani hubeba mbegu za bakteria, na mguu usio na damu hauna askari wa kupigana nazo.

Kila jioni osha miguu kwa maji ambayo mtu mwingine ameyajaribu kwa kiwiko cha mkono, kausha kati ya vidole, tazama unyayo kwa kioo kidogo au macho ya mtoto. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kandambili za kamba ya plastiki huchubua kati ya vidole, na mchubuko mdogo kama punje ya mtama umeanzisha donda ndugu nyingi; vaa viatu vya kufunika vyenye nafasi mbele.

Pakitokea lazima ya kukata, daktari achague mahali ngozi haikuchomwa mionzi, hata kama ni juu zaidi ya vile familia ingependa. Kisiki kilichokatwa ndani ya ngozi iliyoungua mara nyingi hakifungi, na mgonjwa hurudi mezani mara ya pili na ya tatu.

Mguu wa pili nao ulikuwa ndani ya mionzi ile ile ya nyonga. Upimwe kila unapopimwa huu.